Tanga la Kitambaa cha Mwavuli

Mwezi wa Februari mwaka jana niliingia katika duka moja la vitabu hapa Tanga mjini, nikachukua kitabu chembamba cha hadithi za watoto chenye picha ya fisi aliyevaa kanzu, nikakipeleka kwa muuzaji. Alikuwa dada wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alikigeuza nyuma kutazama bei, kisha akaniuliza, "Mtoto yuko darasa la ngapi, baba?" Nikamjibu bila kufikiri, "La tatu." Mwanangu wa mwisho wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kitabu kile nilikuwa nakinunua nikakisome mwenyewe, kibarazani kwangu, jioni ile ile kabla ya adhana ya magharibi.

Uongo ule ulinikaa moyoni kuliko ukubwa wake. Mimi ni mtu wa miaka 54, mhasibu katika ofisi ya uwakala wa mizigo, nimeoza binti mmoja na sasa naitwa babu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika kilicho kweli katika safu yake. Nikajiuliza ni aibu gani hiyo iliyonifanya nimbuni mtoto wa darasa la tatu mbele ya mtu nisiyemjua, kwa ajili ya kitabu cha kurasa 24. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama jambo hili kwa makini, ndani yangu na kwa wenzangu, na nimeona kwamba tuko wengi tunaovipenda bado vitabu na michezo ya utotoni, na kwamba karibu wote tunavificha.

Sababu ya kuvificha haiko mbali. Kwetu pwani utu uzima ni heshima, na heshima hulindwa kwa macho ya watu. Mtu akionekana ameshika kitu kisicholingana na mvi zake, maneno yapo tayari midomoni: "Mtu mzima ovyo," au "Bado ana utoto." Lakini jamii hii hii haijawahi kumkataza mtu mzima kucheza. Pita mitaa ya Ngamiani saa kumi jioni uwaone wazee walioinamia bao, mashimo 32 na kete 64, wakibishana kwa sauti kama kete imelala au haikulala, na hakuna apitaye akawaambia waache utoto. Neno letu kucheza linabeba ngoma, mpira, karata na bao, na katika hayo yote mtu mzima ana nafasi yake ya heshima. Tulichokizuia ni kimoja tu, mtu kukirudia kile kile alichokishika akiwa na miaka minane. Sijapata kusikia hoja ya kuzuia huko iliyonitosheleza.

Na tusidhani kwamba aibu hii ni yetu peke yetu. Mwaka 1998 kampuni ya uchapishaji ya Bloomsbury ya London ilikitoa tena kitabu cha kwanza cha Harry Potter, hadithi ya watoto ya mvulana mchawi, kikiwa na jalada jipya, lenye picha ya garimoshi, kwa ajili ya wasomaji wazima. Ndani hawakubadilisha hadithi. Kilichobadilika ni kile ambacho abiria wa pembeni angekiona. Miaka 22 baadaye, mwaka 2020, kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen mwaka 1932, ilianza kuandika alama ya miaka 18 na kuendelea kwenye maboksi ya matofali yake ya plastiki ya kuchezea yaliyokusudiwa watu wazima. Jambo linalonivutia zaidi kwa kampuni hiyo ni kwamba tofali lililotengenezwa mwaka 1958, ulipotolewa ule muundo wa kushikana tunaoujua, bado linashikana na tofali linalotoka kiwandani leo. Mtu wa Denmark wa umri wa baba yangu anaweza kufungua sanduku la darini, akatoa tofali la utoto wake na kuliunganisha na la mjukuu wake, likakaa.

Hapo ndipo njia yetu na yao inapoachana. Wao utoto wao umehifadhiwa, na usipohifadhiwa hununuliwa tena dukani. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1978, muda mfupi baada ya serikali kuanzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule tulioufahamu kwa jina la UPE. Watoto tuliingia shuleni kwa wingi ambao vitabu havikuweza kuufikia. Tulikaa wanne kwa kitabu kimoja, aliyekaa pembeni akisoma kwa kupinda shingo, na mwisho wa mwaka kitabu kilirudi kabatini kwa mwalimu kikingojea wengine. Vilivyochakaa vilichanwa vikafungia karanga na vitumbua. Simjui mwenzangu hata mmoja wa rika langu aliye na kitabu chake cha darasa la pili. Vitu vya kuchezea ndiyo kabisa, maana miaka ya mwanzo ya themanini maduka yalikuwa hayana hata sabuni, sembuse gari la mtoto. Tulichochezea tulikitengeneza wenyewe kwa waya, kandambili zilizokatika, makopo na mbao, na vitu vya namna hiyo haviishi miaka arobaini. Vinaoza, vinaliwa na mchwa, vinapotelea majini.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akitaka kukishika tena kitu cha utoto wake, sharti akitengeneze upya. Nimefanya hivyo, na nitaeleza.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Sahare. Alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, ngalawa yake ikauzwa kulipa madeni, na sisi tukahamia kwa mjomba. Kabla ya hapo alikuwa amenifundisha kuchonga kingalawa cha kuchezea, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwaka juzi, nikiwa likizo, niliokota kipande cha msufi kilichokatwa kando ya njia, na nilipokipima uzito kwenye kiganja nikajikuta nakitazama kama nilivyokuwa nikitazama kila kipande cha mti nikiwa mtoto, nikitafuta omo, yaani mbele ya chombo, iko wapi na tezi, nyuma yake, iko wapi. Msufi ni mwepesi na unakubali kisu. Nilichonga jioni tatu. Mirengu, vile vielea vya ubavuni vinavyokizuia chombo kisipinduke, nilitengeneza kwa upongoo wa mnazi, nikaifunga kwenye matengo, miti inayoishikilia, kwa uzi wa katani, ambao hapa Tanga haukosekani. Mlingoti ni mwanzi, na foromali, mti unaoshika tanga juu ya mlingoti, ni mwanzi mwembamba zaidi.

Tanga ndilo lililonipa shida. Utotoni tulitumia kipande cha kaniki kuukuu, au nailoni ukiwa na bahati, na watoto waliotufuata walitumia kwa miaka mingi ile mifuko laini ya plastiki iitwayo rambo, ambayo ilishika hata upepo wa kupumua. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, jambo jema kwa bahari na kwa mitaro yetu, lakini kingalawa kimebaki bila tanga. Nilijaribu salfeti, ikawa nzito na haikujaa. Nikajaribu kitambaa cha shati, kikalowa na kuning'inia. Ndipo rafiki yangu mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani, aliponitolea chini ya meza yake mwavuli uliovunjika vyuma. Alipitisha wembe chini ya mishono yake bila haraka, akaufungua kipande baada ya kipande, na vikatoka vipande vinane vya pembetatu, kila kimoja tayari kina umbo la tanga. Kitambaa cha mwavuli hakinywi maji, ni chepesi, na kinajaa upepo hadi kinanguruma kidogo. Alinipa vinane vyote. "Sasa una matanga ya maisha," akaniambia, kisha akaniomba nimchongee chake.

Jumapili ya kwanza mimi na fundi tulipokwenda Sahare, maji yakiwa yanajaa, tuliwakuta watoto watano wakishindanisha vingalawa vyao. Siku hizi wanatengeneza kwa lile povu gumu jeupe linalozunguka friji mpya ndani ya boksi, na vinaenda kasi sana. Walituamkia wote, "Shikamooni," tukaitikia, kisha kukawa kimya. Nilikunja suruali, nikaingia hadi magotini, nikakielekeza kingalawa changu na kukiachia. Kilikwenda kama hatua kumi, kisha kikageuza omo kuelekea unakotoka upepo, tanga likapigapiga, kikasimama. Nikakirudisha. Kikafanya vile vile. Mmoja wa watoto, mwembamba, mwenye fulana iliyompita magoti, alikitazama kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Babu, mlingoti wako uko nyuma."

Alikuwa sahihi. Tanga likikaa nyuma mno, upepo unaisukuma tezi na omo inapanda joshi, yaani inaukabili upepo, na likikaa mbele mno, chombo kinakimbia na upepo bila kukubali kugeuka. Kati ya hayo mawili pana mahali ambapo kinajishikilia chenyewe bila mkono wa mtu, na mahali hapo ni upana wa kidole. Nililijua jambo hilo nikiwa na miaka tisa. Baba aliniwekea kidole chake kwenye mti akasema, "Hapa." Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, lakini mtoto yule aliposema, nikaona tena kile kidole, ukucha wake uliopasuka kwa kuvuta nyuzi, na mahali pale pale kilipogusa.

Sijui nilieleze vipi ili lieleweke kwa uzito nilioupata. Sina picha ya baba. Sina chombo chake wala nguo yake. Kitu chake pekee nilichonacho ni elimu ya wapi pa kusimamisha mlingoti wa kingalawa, na elimu hiyo haitumiki popote ofisini kwangu, haisomwi wala kukaririwa, inaishi ndani ya mchezo tu. Ningeendelea kuona haya, nayo ningeizika. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mimi nililichukulia neno hilo miaka yote kama onyo kwa wanaotanga na dunia. Siku ile, nikiwa nimelowa hadi mapajani, sikulisikia kama onyo.

Vitabu vina habari nyingine, maana kitabu hakikai mkononi kama chombo. Nikipata nafasi huenda maktaba ya mkoa, katika lile jengo la enzi za Waingereza, na huko ndiko nilikokutana tena na Abunuwasi. Kila aliyesoma Kiswahili utotoni anamkumbuka. Ndiye aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, akasema imezaa, na jirani akafurahi akazipokea zote mbili. Alipoazima tena hakurudisha, na jirani alipokuja kuidai akaambiwa imekufa. Jirani akashtaki, na jibu likawa kwamba aliyekubali sufuria izae hawezi kukataa kwamba sufuria inakufa.

Nikiwa na miaka kumi nilicheka kwa sababu Abunuwasi alikuwa mjanja. Nilipokisoma kisa hicho tena nikiwa na miaka 53 sikumtazama Abunuwasi hata kidogo, nilimtazama jirani. Nimefanya kazi ya hesabu kwa miaka 28, na nimewaona watu wazima wenye akili zao, wengine wenye vyeti kuliko mimi, wakipeleka akiba ya miaka kwenye mmoja wa ile miradi ya kupanda na kuvuna pesa. Mavuno ya kwanza yalipokuja hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Sufuria ilikuwa imezaa. Mwenzangu mmoja aliweka kiinua mgongo cha mke wake, na siku ofisi za mradi zilipokutwa zimefungwa nilikaa naye kwenye ngazi za jengo letu hadi giza likaingia, nami sikuwa na neno la kumwambia. Neno hilo lilikuwapo kwenye kitabu tulichokuwa tukikisoma wanne wanne, darasa la nne, na mimi nilidhani ni kichekesho. Hasara isiyokubalika ni ile ile iliyotangulia kuwa faida isiyokaguliwa. Sijaona kitabu cha uhasibu kilicholisema hilo kwa ufupi kama huo.

Baadaye nilisoma kwamba Abu Nuwas aliishi kweli, mshairi wa Baghdad wa zama za khalifa Harun al-Rashid, aliyesifika kwa mashairi yake na si kwa kuazima vyombo vya jirani, na kwamba Waturuki wanakisimulia kisa hicho hicho cha sufuria kwa jina la Nasreddin Hoja. Hadithi imetembea na kubadilisha wenyewe kama jahazi linalouzwa bandari hadi bandari. Furaha ya kulijua hilo nisingeipata nikiwa mtoto, kwa kuwa mtoto anaisoma hadithi kama kitu kilichotokea jana mtaa wa pili.

Huwa nawauliza wanaotucheka kama wamewahi kumwita msomaji wa Shaaban Robert mtoto. Mwandishi huyo alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na Kusadikika aliyotuandikia ni nchi inayoelea angani. Tunaisoma kwa heshima, tunaitungia mitihani, kwa sababu tumeambiwa kwamba ni kitabu cha watu wazima. Fisi mwenye kanzu na nchi inayoning'inia hewani wametoka katika kiwanda kimoja.

Kisha lipo kundi ambalo huzungumzwa kidogo, nalo ni la sisi tunaovisoma vitabu vya watoto kwa mara ya kwanza. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanza mwaka 1991, ukaanza kusaidia hadithi za Kiswahili zenye picha nzuri ziandikwe na kuchapwa, mimi nilikuwa kijana wa miaka 20 ninayetafuta kazi. Vitabu vile havikunikuta. Nilivinunulia watoto wangu, nikawasomea huku macho yakiwa kwenye saa, na nilipobaki peke yangu nyumbani nikavitoa kabatini kimoja kimoja. Mtu aliyekosa mlo wa mchana haambiwi kwamba kula usiku ni utoto.

Mke wangu naye ana lake, na amenipa ruhusa kulisimulia. Sikukuu ya Idi iliyopita, baada ya pilau, wageni wengi wakiwa wameondoka, alitoka uani na dada yake mkubwa, ambaye ana wajukuu sita. Nilipotoka kutafuta maji ya kunawa nikawakuta wamekaa chini, kanga zimekunjwa magotini, kati yao kishimo kilichochimbwa kwa kijiko na kujazwa vijiwe. Walikuwa wakicheza mdako. Ndimu inarushwa juu, mkono unakokota kete nje ya shimo, ndimu inadakwa, inarushwa tena, na kete zinarudishwa shimoni zote isipokuwa moja, ambayo mchezaji hujiwekea. Shemeji alikuwa akirusha ndimu chini chini, isipite urefu wa uso, na mkono wake wa hina ulikuwa ukienda na kurudi kwa wepesi ambao sijauona kwake katika kazi nyingine yoyote, si jikoni wala penginepo. Hawakuwa wakisema neno.

Mara hodi ikapigwa. Mke wangu alivuta sinia la pilau akalifunika shimo, wote wawili wakasimama wakikung'uta mikono. Aliyeingia ni jirani yetu, bibi wa miaka zaidi ya sabini, mzaliwa wa Pangani. Akakaribishwa kiti, akapewa soda, akaulizwa hali ya wajukuu, akazungumza yake hadi akamaliza. Alipokuwa anaaga akatazama sinia lililokaa chini ya mwembe peke yake, na ndimu iliyobiringika pembeni, akasema, "Mzunguko wa pili mnatakiwa kuacha mbili. Nyie mnaacha moja moja tu, nimewaona kutoka mlangoni." Shemeji akabisha palepale kwamba Tanga ni moja hadi mwisho. Bibi akarudi kwenye kiti chake, na sinia likaondolewa.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwonyesha kingalawa changu, aliniuliza kama nauogopa uzee. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa wapo wanaokimbilia michezo ili wasilipe ada na wasiulizwe bili, na hao siwatetei. Nilimjibu kwamba ada zote zimelipwa. Alikigeuza kile chombo mikononi kwa muda mrefu, akabonyeza mirengu kujaribu kamba, kisha akasema kwamba baba alikuwa akifunga matengo kwa fundo jingine, si hili. Akaomba uzi, akalifungua fundo langu na kulifunga upya, midomo ikihesabu mizunguko. Yeye alikwenda baharini na baba miaka minne zaidi yangu.

Fundo lake ni imara zaidi, lakini limeivuta mirengu mbele kidogo, na uzito wa chombo umehama, kwa hiyo mlingoti haukai tena mahali pake. Juzi usiku nimetoboa tundu jipya, mbele ya lile la zamani kwa nusu ya upana wa kidole. Fundi cherehani amemaliza chake, na kaka amesema atakuja. Jumapili hii maji yanajaa saa nne asubuhi.